Mlango Mmoja wa Lodwar

Juni 1958 gazeti la Observer la London lilichapa barua iliyotoka gereza la Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Wafungwa walikuwa wakilalamikia hali yao huko ndani. Mfungwa kulalamika si ajabu. Ajabu ni barua kufika London. Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba walipelekwa Lokitaung kwa sababu palikuwa mahali ambapo neno haliingii wala halitoki ila bwana DC akubali. Karatasi moja iliponyoka, na mwezi huo huo Jaramogi Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akawatetea wafungwa wale kama viongozi, huku wenzake wakimzomea. Aprili 1959 Kenyatta alipomaliza kifungo hakurudishwa kwao Gatundu. Alisogezwa Lodwar, akawekwa kizuizini, akakaa huko hadi Aprili 1961 alipohamishiwa Maralal.

Msomaji ataniuliza, historia ya intaneti yaanziaje gerezani? Nitamjibu kwamba Lodwar haikuwa mbali tu, ilifungwa kwa sheria. Sheria ya wilaya za pembeni ya 1902 ilimpa mtawala uwezo wa kutangaza wilaya kuwa imefungwa, na asiye mwenyeji hakuingia bila kibali. Ile ya 1934 ikabana hata nyendo za wenyeji. Barabara ilikuwa moja, inapanda kutoka Kitale na kushuka kwenye joto la bonde la Turkwel, na geti lilikuwa moja. Aliyeshika geti ndiye aliyeamua nani apite na mzigo gani. Geti hilo limebadilisha wenyewe mara kadhaa tangu siku hizo. Idadi yake ndiyo iliyokataa kubadilika.

Baada ya uhuru lilihamia Posta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, KPTC, na shirika hilo likawa mwenye waya, mwenye simu, mwenye stempu na mwenye kuamua nani asubiri miaka mingapi ndipo awekewe simu. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka telegramu zilizolipiwa kwa neno, kiasi kwamba salamu zilikatwa ili ibaki BABA MGONJWA NJOO. Mwaka 1999 shirika liligawanywa mara tatu: Posta ikawa peke yake, Telkom Kenya ikachukua simu, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikawa refa. Lakini refa na mchezaji walikuwa wa nyumba moja, maana serikali ilimiliki Telkom yote. Telkom ikapewa miaka mitano ya kutoguswa: kampuni yoyote ya intaneti iliyotaka kutoka nje ya nchi ilibidi ipite katika mtambo wake ulioitwa Jambonet.

Kisa cha Novemba 2000 kinastahili kusimuliwa taratibu. Wakati huo ukiwa Nairobi ukatuma barua pepe kwa mtu wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, naye ni mteja wa kampuni nyingine, barua hiyo ilipaa kwa setilaiti hadi Marekani au Ulaya, ikageuka, ikapaa tena kurudi Nairobi. Kwenda na kurudi kulichukua sekunde moja hadi mbili na kulilipiwa kwa dola. Kampuni za intaneti, zikiwa zimeungana katika chama chao cha TESPOK, zikaona upuuzi huo hauna haja. Zikaweka mtambo mmoja jijini, KIXP, wa kubadilishana mizigo ya humu nchini bila kuisafirisha ughaibuni. Telkom ikalalamika kwamba upekee wake umevunjwa. Baada ya wiki mbili hivi CCK ikaamuru mtambo uzimwe. Ulikuja kuwashwa tena Februari 2002 baada ya mabishano mengi, na safari ile ya sekunde mbili ikawa ya milisekunde 60 hadi 80.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama ushindi wa Nairobi. Mimi hukiona kama kioo. Hakuna aliyezuiwa kwa kuwa alikuwa akituma kitu kibaya. Mizigo ilizungushwa dunia nzima kwa kuwa mwenye njia alitaka ushuru wake. Na ikiwa wafanyabiashara wa jiji, wenye mawakili na magazeti, walihitaji zaidi ya mwaka kufungua kichochoro cha mita chache, mtu wa Lodwar angefungua nini?

Turkana haikuwamo katika ugomvi huo hata kwa jina. Ilikuwa na ulimwengu wake. Kuanzia 1989 Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan, ilikuwa kituo cha Operation Lifeline Sudan, na ndege za misaada zilipaa na kutua pale kutwa. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kwenye ukingo wa laga ya Tarach, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, kuwapokea wavulana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka uliotangulia. Mashirika yalikuja na redio zao za masafa marefu, kisha madishi ya setilaiti. Hivyo jangwani humo humo, kabla hata ya miji mingi ya Kenya, kulikuwa na watu waliosoma barua pepe zao wakinywa chai, ndani ya ua la seng'enge. Nje ya ua, Mturkana na mkimbizi walikuwa sawa kabisa: hakuna aliyekuwa na kitu. Ila Wasomali walikuwa na redio zao walizoziita taar. Uliketi mbele ya mwenye redio, ukaita jina la ndugu yako aliye Nairobi au Mogadishu, na kambi nzima ikasikia kwamba unaomba pesa.

Kisha ikaja simu ya mkono. Safaricom ilianza biashara Oktoba 2000, Vodafone ya Uingereza ikiwa na asilimia 40, na Kencell ikaanza mwaka huo huo. Kencell imebadilisha jina mara nyingi, Celtel, Zain, na tangu 2010 Airtel, na kila jina jipya lilikuja na rangi mpya za kupaka vibanda. Minara, au mabusta kama watu waitavyo, ilipanda polepole kuelekea kaskazini ikifuata barabara ya A1. Ni vyema kueleza jinsi minara hiyo ifanyavyo kazi, kwa sababu siri yote ya Turkana imo humo. Busta halijitoshelezi. Lililo huku jangwani hupokea kutoka kwa jingine kilimani, nalo kutoka kwa jingine, hivyo hivyo hadi kusini, mfano wa watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mmoja akiangusha ndoo, wote walio nyuma yake hulala na kiu. Na kila aliyesimama mstarini anakula, na chakula cha busta ni umeme. Mji wa Lodwar wenyewe umekaa miaka mingi ukiwashiwa taa na majenereta ya dizeli, ilhali bwawa la Turkwel, mpakani na Pokot, limekuwa likizalisha umeme tangu 1991 na kuupeleka kusini Lessos. Kampuni inayotaka kuweka mstari wa pili wa ndoo hutazama sensa ya 2019, ikaona watu 926,976 waliotawanyika katika kaunti ya kilomita za mraba karibu 70,000, wengi wao wakihama na mifugo. Inakunja mkeka na kurudi Eldoret. Ndani ya mji wa Lodwar utapata mitandao zaidi ya mmoja; toka nje ya mji, endesha nusu saa, uone ni laini ipi inabaki na alama juu ya kioo.

Laini iliyobaki ikageuka kuwa benki. M-Pesa ya Safaricom ilizinduliwa Machi 2007, na mahali ambapo benki ilikuwa safari ya siku, kibanda cha kijani kilikuwa neema. Sitaki kuwa mtu wa kubeza neema. Ila mawakala wa kijani walikatazwa kuwahudumia washindani, hadi Airtel ilipopeleka malalamiko na Mamlaka ya Ushindani ikaamuru Julai 2014 kwamba mawakala wawe huru. Mwaka 2017 ripoti ya kampuni ya Analysys Mason, iliyoandaliwa kwa ajili ya Mamlaka ya Mawasiliano, mrithi wa CCK, ikavuja magazetini. Miongoni mwa mapendekezo yake, Safaricom iwaruhusu wenzake watumie minara yake katika kaunti za pembeni. Bunge likapiga kelele, wachumi wakaandika makala, wengine wakasema mtu haadhibiwi kwa kufanya bidii. Hoja hiyo ina uzito, na niliisikia hata Lodwar kwa watu wasiopenda kampuni hiyo: ni nani mwingine aliyekuja kupanda busta kwetu? Ndivyo mlango mmoja unavyojitetea. Husema, bila mimi kungekuwa na ukuta.

Agosti 2015 chakula chenyewe kiliingia mtandaoni. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya posho kwa simu badala ya nafaka. Mpango uliitwa Bamba Chakula, na pesa zilipita katika laini za Safaricom, ambayo kadi zake za kukwangua nazo ziliitwa Bamba. Laini hizo zilitolewa kwa mpango maalum kwa sababu mara nyingi mkimbizi hakuwa na kitambulisho kinachokubalika kujisajilia laini. Akitaka laini yake ya kawaida, alimwomba Mkenya aisajili kwa jina lake, na siku Mkenya huyo akihama au akikasirika, jina, namba na pesa vyote viko mikononi mwake. Miaka mitatu baadaye Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, likaitazama Kakuma kama soko na kukuta biashara zaidi ya 2,000 na mzunguko wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Fedha zote hizo zikining'inia kwenye ule mstari wa ndoo.

Nakumbuka Jumamosi moja nikiwa Lodwar, mtandao ukalala. Kampuni sitaitaja, aliyeishi huko anajua, na asiyeishi huko haimhusu. Nilikuwa nimekula wali na nyama ya mbuzi hotelini na simu yangu ikawa inazunguka tu, inazunguka, pesa haziendi. Mama mwenye hoteli akatoa daftari la kurasa za miraba, akalamba ncha ya kalamu, akaandika: "Mwalimu wa kofia, 350." Hakuniuliza jina. Nje, mwanamke aliyekuwa ameleta samaki wakavu kutoka Kalokol alikaa juu ya gunia lake akiwa amekunja mikono. Mnunuzi alikuwa mbele yake, lori liko tayari kwenda Kitale, bei wamekubaliana tangu saa tano, na pesa zimo ndani ya simu ambayo haiongei. Mnunuzi akamwambia, "Mama, niamini, zitaingia." Akamjibu, "Nakuamini wewe. Simu ndiyo siiamini." Lori halikuondoka. Saa nne usiku mtandao uliporudi, ujumbe wote wa siku nzima ukaingia kwa mkupuo na simu zikalia mji mzima kama vyura baada ya mvua. Kitu kimoja kilinikaa akilini. Katika kulaani kote kwa siku ile, sikusikia mtu akisema atahamia kampuni nyingine. Nairobi hilo ndilo tusi la kwanza mteja analotoa. Lodwar halikuwa na maana.

Sasa tufike kwenye lile neno ambalo wataalamu hulipigania. Mwaka 2003 profesa wa sheria wa Marekani, Tim Wu, aliandika kuhusu kanuni ya usawa mtandaoni, yaani mwenye njia asibague mizigo inayopita njiani mwake. Mimi huieleza kwa makanga wa matatu ya Kitale kwenda Lodwar. Hukutoza kiti. Akikutoza zaidi kwa kuwa una mzigo mzito, umemwelewa. Hakuulizi unakwenda kumwona nani, wala hakwambii kwamba ukienda kwa mjomba ni bure lakini ukienda kwa shangazi ni mia tano. Siku atakapoanza kusema hivyo, utajua kuna mtu amemlipa, na huenda ni mjomba.

Mjomba alifika Kenya Novemba 2014. Airtel na Facebook walileta Internet.org, iliyokuja kuitwa Free Basics: ukiwa na laini ya Airtel, uliingia Facebook na tovuti chache zilizokubaliwa bila kukatwa senti. Kurasa zilikuja zikiwa kavu, bila picha wala video, na ukibofya kiungo cha kutoka nje ulikutana na ilani kwamba sasa utatozwa. India ilibishana kuhusu jambo hilo hilo hadi barabarani, na Februari 2016 mdhibiti wake akapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa maudhui tofauti. Mwaka 2017 watafiti wa Global Voices waliijaribu huduma hiyo katika nchi sita, Kenya ikiwamo, wakahoji kama kweli hiyo ni intaneti au ni dirisha la duka la Facebook. Marekani kwenyewe, kanuni iliwekwa 2015, ikafutwa 2017, ikarudishwa Aprili 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaitupa. Kenya haina sheria mahususi ya jambo hili. Ina kanuni za ushindani wa haki za mwaka 2010, na ina wananchi wasiosoma kanuni.

Nilikuwa mmoja wa walioikejeli intaneti ya bure tukiwa Nairobi, kwenye mkahawa wenye Wi-Fi. Kejeli hiyo ilipungua nilipofika Kakuma. Kwa kijana mwenye Sh20, swali la usawa wa mizigo halipo. Kuna bando la WhatsApp ambalo Sh20 inalitosha, na kuna intaneti nzima ambayo itamwishia kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguka. Atanunua WhatsApp, na mimi ningenunua. Lakini tazama kinachofuata. Mwalimu mmoja huko aliwatumia wanafunzi wake kiungo cha tovuti yenye maswali ya mazoezi. Bando halifungui kiungo hicho. Basi yule mmoja darasani mwenye data kamili alifungua ukurasa, akaupiga picha juu ya kioo cha simu yake, kipande kwa kipande, picha kumi na moja, akazituma kwenye kundi la WhatsApp. Darasa zima likasoma tovuti kwa picha za tovuti, herufi zikiwa zimefifia pembeni. Barua ya Lokitaung imepata wajukuu.

Geti likishakuwepo, serikali nayo hulikumbuka. Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya milima ya Karamoja, ilianza Julai 2018 kutoza Sh200 za kwao kwa siku kwa kila anayetaka kuingia Facebook, WhatsApp na mitandao kama hiyo. Watu wakakimbilia VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaachwa, ikawekwa ya asilimia 12 kwenye data yote. Hapa Kenya, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa wakati wa mtihani wa KCSE kwa sababu karatasi za wizi zilikuwa zikiuzwa humo. Nia ilieleweka. Ila Mwethiopia anayekaanga kahawa Kakuma 1 hana mtoto wa Kidato cha Nne. Ana dada Addis Ababa ambaye hutumia Telegram kama sisi tunavyotumia WhatsApp, na kwa siku kadhaa dada huyo alinyamaza. Ilitosha kuziamuru kampuni chache tu. Milango ikiwa michache, funguo pia ni chache.

Je, waya? Kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009 na bei zikashuka kwa walio karibu na kebo. Serikali ikatandaza nyaya zake za faiba, NOFBI, ikilenga awamu ya pili ifike makao makuu ya kaunti zote 47. Faiba kufika ofisi ya kaunti na faiba kufika sebuleni kwa mtu ni safari mbili tofauti. Nairobi watu hulalamika kwamba mwenye ploti ameruhusu kampuni moja tu kupandisha waya ghorofani. Lodwar ungemtafuta wapi huyo wa kuruhusiwa? Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kutengeneza barabara ya kaskazini, na pamoja nayo faiba ya kilomita zaidi ya 600 kutoka Eldoret, kupitia Lodwar na Kakuma, hadi Nadapal mpakani, ili Sudan Kusini ipate njia ya bahari. Kabla Juba haijaona waya wa Nadapal, kampuni ya Liquid iliwafikishia faiba kupitia Uganda, Februari 2020. Mwaka huo huo, Julai, maputo ya Loon ya kampuni mama ya Google yalianza kuuza intaneti kutoka angani kwa kushirikiana na Telkom. Yalihudumia hadi Baringo, na Machi 2021 yakazimwa. Turkana tuliyasoma magazetini tu.

Kwa hiyo Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipofungua biashara Kenya Julai 2023, wengi wetu tulisema ni puto jingine. Tulikosea. Kifaa kilichouzwa karibu Sh90,000 kilishuka hadi Sh45,500 mwaka uliofuata, kukodi kukawa Sh1,950 kwa mwezi, na pakatokea bando la gigabaiti 50 kwa Sh1,300. Kwa mara ya kwanza Turkana ililipa bei ile ile ya mtaa wa Karen, Nairobi, kwa kasi ile ile, bila kusubiri ndoo ya mtu. Julai 2024 Safaricom ikaiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni zao wenyewe, zifanye kazi chini ya kampuni zenye leseni nchini. Nikikumbuka Telkom na KIXP, nilihisi nimewahi kuisoma barua hiyo. Serikali ilikuwa na asilimia 35 ya Safaricom, refa na mchezaji tena nyumba moja, lakini safari hii Rais William Ruto alisimulia mwenyewe huko New York, Septemba, jinsi mkuu wa Safaricom alivyokuwa akimlalamikia, naye akamwambia ajiandae kushindana. Safaricom ikaongeza kasi ya faiba zake za majumbani bila kupandisha bei. Novemba Starlink ikasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi imejaa. Wakati jiji likipanga foleni, dukani Kakuma dishi lilifunguliwa siku hiyo hiyo.

Ni mlango wa pili, na mwenyewe ni bilionea mmoja wa Marekani. Hilo silisahau.

Nilikwenda Kakuma mara ya mwisho kununua intaneti kwenye duka la mabati la Mkongomani, nyuma ya soko. Mamlaka ilikuwa imetoa mwongozo wa leseni za mitandao inayoendeshwa na jamii vijijini mwaka 2021, na nikaona cheti kimetundikwa ukutani, ingawa sikukisogelea kukisoma. Dishi jeupe juu ya paa limefungwa kwa waya wa kufungia nyama. Ndani kuna benchi mbili, betri ya sola, na vijana wameinamia simu. Ukutani kipande cha kartoni kimeandikwa kwa kalamu nene:

SAA MOJA SH20. MITIHANI BURE. YOUTUBE NA MPIRA BAADA YA SAA NNE USIKU.

Nikacheka, nikamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kuamua watu wafungue nini na saa ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapika kabla ya kula.

"Mwalimu, dishi ni moja, batu ni arobaini. Moja akifungua mupira, bote banakwama."

"Na aliyelipa Sh20 zake ili aone mpira?"

"Angojee usiku. Ama atafute fasi ingine."

Fasi nyingine ilikuwapo. Ng'ambo ya kichochoro, juu ya duka la vitambaa la Msomali, mvulana alikuwa amepanda paa na funguo za nati mdomoni, akilegeza na kukaza mguu wa dishi jipya huku mwenye duka akimpigia kelele kutoka chini aligeuze kidogo, kidogo tu. Mkongomani alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama. Akarudi ndani, akachukua kalamu nene, akachora mstari juu ya SAA NNE, na juu yake akaandika SAA TATU.